Sauti ya Mlima Unaosalimiwa

Kabla hujanunua maiki, nunua soksi. Iwe ya sufu, nene, na isiwe imewahi kuvaliwa, kwa sababu utakaa nayo karibu na pua siku nzima. Nawaambia hivi vijana wanaokuja kwangu Malangali, hapa mjini Sumbawanga, na simu zao zinazonasa picha na sauti kwa pamoja, wakitaka niwape siri ya sauti nzuri. Siri ya kwanza ni upepo. Upepo wa Ufipa mwezi wa saba haujali bei ya kifaa chako. Ukipuliza kwenye maiki iliyo uchi, husikii upepo. Unasikia mtu anaburuta kabati. Mahojiano yangu ya kwanza katika kazi hii yalikuwa na mkulima wa ulezi aliyeongea vizuri sana, kwa mpangilio. Tulipokuja kuyasikiliza, tulisikia kabati likiburutwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mbali sana mkulima akisema, "Asanteni, karibuni tena."

Kazi hiyo nimeiacha mapema kuliko wengi wa rika langu. Siku moja tulikuwa porini na wenzangu wakaanza kulalamika kwamba nyenje wanaharibu rekodi. Mimi sikusikia nyenje hata mmoja. Niliuliza mara mbili kama wananitania, kisha nikavua hedifoni. Fundi wa sauti asiyesikia nyenje ni kama mpishi asiyeonja chumvi. Nikampisha mwingine. Sasa nina muda wa kuwaeleza ninyi nilichojifunza, na kwa kuwa sikusomea kazi hii popote, sehemu kubwa ya nilichojifunza ilianza kwa kukosea.

Nilianza na kibanda cha kutengeneza redio pale sokoni Sumbawanga. Vitabu vya mafundi vilikuwa vya Kiingereza, nami nilivisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa jioni, na sikugeuza ukurasa kabla sijauelewa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Bidhaa ziliingia kwa fujo, redio za kila namna, deki za video, na televisheni zilizofika kwetu kabla ya matangazo yenyewe. Mtu alinunua televisheni, akaifunika kitambaa cha kufuma, na wageni wakaitazama ilivyofunikwa. Huko Dar es Salaam vituo vya watu binafsi vilikuwa vinachipuka, na kila kimoja kilitafuta kitu ambacho kingine hakina.

Kituo kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mfululizo wa vipindi kuhusu maajabu ya asili, uitwao Nchi Ina Mambo. Kila kipindi kilikuwa na ajabu moja: chemchemi inayotokota, mti unaodondosha maji wakati wa kiangazi, uwanda ambao mawe yake hulia ukiyagonga. Aliyeubuni mfululizo huo na kuutayarisha alikuwa Bi Rehema, mwanamke mrefu wa Pwani, mwenye sauti ya kutuma watu. Ndiye aliyesimama siku moja mbele ya kibanda changu na kinasa sauti cha kaseti mkononi.

"Fundi, hiki kimekufa au kimelala?"

Nilikifungua. Waya mmoja ulikuwa umeachia. "Kimelala, mama."

"Na anayekitumia amelala hospitali kwa malaria. Alianza kutetemeka tukiwa Mtowisa. Wewe unaweza kukiamsha, halafu ukakitumia?"

Nilimjibu kwamba kukiamsha naweza, lakini kukitumia kwa kazi ya televisheni sijawahi.

Akageuka kumtazama mwanaume mnene aliyeegemea gari, mpiga picha wake, ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva. "Ambokile, umesikia? Kasema hajawahi. Huyu ni wa kwanza katika mji huu kusema hivyo. Wengine wote wamewahi."

"Mchukue," alisema Ambokile. "Asiyejua hufundishika. Wanaojua wametuponza tangu tutoke Dar."

Njiani Bi Rehema alinieleza hali ilivyo, bila kuficha. Vipindi vyake vilikuwa vinalipiwa na mdhamini, mwenye kiwanda cha sabuni, na mdhamini alikuwa ameanza kuchoka. Mwenye kituo alikuwa amemwambia: kipindi hiki kimoja kikipendeza, mfululizo unaendelea, kisipopendeza, atapewa kipindi cha mapishi. Kipindi chenyewe kilikuwa tayari kimetangazwa hewani kuwa ni cha mlima unaovuma.

"Sasa nisikilize," alisema. "Mlima unaoonekana si kitu. Milima tunayo. Huu nauhitaji usikike. Nikirudi Dar bila sauti yake, nitakuwa nakaanga sambusa mbele ya kamera mpaka nistaafu."

Nilimuuliza kama hajui kukaanga sambusa.

"Najua sana," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Nisiendelee kabla sijamweleza Ambokile, maana ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno machache na chakula kingi. Aliniita Mfipa, nami nikamwita Mnyakyusa, na hatukuwahi kutumia majina yetu ila mbele ya polisi wa barabarani. Kwa somo la kwanza aliniketisha stendi ya mabasi ya Sumbawanga, akanivisha hedifoni, akaniambia nifumbe macho na nimtajie ninachosikia. Nikamwambia nasikia mabasi.

"Mabasi hata kiziwi anayasikia. Kingine?"

Nikamwambia nasikia mpiga debe.

"Huyo anasikika mpaka Mbeya. Kingine?"

Tulikaa pale mpaka nikasikia mtu akitafuna muwa upande wa pili wa stendi, na nyuma yake ufagio, na nyuma ya ufagio mama mmoja akihesabu vitunguu kwa kunong'ona. Nilipofumbua macho, vyote vitatu vilikuwepo. Ambokile akaniambia neno ambalo nimewafundisha wote waliopita mikononi mwangu: "Jicho lina kope, sikio halina. Kazi yako ni kuwa kope."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafanya kazi Dar es Salaam, wenzangu waliniheshimu kwa sababu isiyohusiana kabisa na ujuzi. Mtu akishajua kwamba umetoka Sumbawanga, ambako inaaminika watu hutumiana radi, anahakikisha hamgombani wakati wa mvua. Nilipewa kiti kizuri, na hakuna aliyegusa chai yangu. Nilijaribu kuwaeleza radi ni nini, kwa mchoro, na jinsi kitu kirefu kinavyoivuta. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniongezea chai. Baadaye niliacha kueleza. Chai ilikuwa nzuri.

Turudi mlimani. Kipo kijiji juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mahali uwanda unapokatika ghafla na Bonde la Rukwa linaonekana chini, limelala kwenye joto lake. Chini ya kijiji kuna genge lenye mpasuko mrefu. Nyakati za kiangazi, jua likishainama, upepo wa bondeni hupanda, ukaingia kwenye mpasuko ule, na mlima ukavuma. Hayo ni maelezo yangu, nami sidai ni ya mwisho. Nasema tu kwamba sikuwahi kuusikia asubuhi wala siku isiyo na upepo. Wenyeji wana maelezo yao, nayo yanahusu aliye ndani. Tofauti ya maelezo haya mawili haibadilishi mahali pa kuweka maiki.

Mwenye dhamana ya mlima alikuwa Mzee Sichalwe, mwembamba, mwenye koti la kijeshi lililobaki vifungo viwili. Tulimpa shikamoo, naye akatusalimu kwa desturi ya kwetu. Kwa msiojua: Mfipa akikuheshimu hasalimii akiwa amesimama wima. Huchuchumaa, akakunja viganja kidogo ili vitoe mlio mzito, akapiga makofi taratibu, na wewe unapaswa kujibu hivyo hivyo. Mmoja anaanza, mwingine anapokea, habari za nyumbani zinaulizwa katikati, na hakuna anayeharakisha. Bi Rehema alipokea salamu ile kwa kupunga mkono na kusema, "Asante, asante, jamani, tumefurahi," kisha akatazama jua.

Tatizo lilijitokeza jioni ileile. Tulitega kamera, nikatega maiki ndani ya soksi juu ya mwanzi mrefu. Upepo ukapanda. Mlima ulipoanza, kijiji kizima kilichuchumaa mahali kilipokuwa na kuanza kupiga makofi. Waliokuwa kisimani walipiga, waliokuwa wanapukuchua mahindi walipiga, hata mlevi mmoja aliyelala kando ya njia aliinuka nusu, akapiga mawili matatu, akalala tena. Katika hedifoni zangu hapakuwa na mlima. Palikuwa na mkutano wa hadhara.

"Kata!" Bi Rehema alipaza sauti. "Jamani, naomba kimya!"

Wakanyamaza kidogo, wakatazamana, kisha wakaanza upya, kwa nguvu zaidi.

"Kata!"

Wakaanza upya tena. Ikawa hivyo mpaka upepo ukatulia na mlima ukanyamaza, nasi tukabaki na kaseti iliyojaa makofi na neno "kata".

Bi Rehema alikwenda kuzungumza na Mzee Sichalwe. Mimi nilikuwapo, kwa hiyo nayaandika kama yalivyosemwa.

"Mzee wangu, tunaomba kesho watu wasipige makofi. Kidogo tu, mlima ukivuma."

"Mwanangu, ukiingia kwangu nikakutazama tu, utakaa?"

"Sitakaa."

"Basi. Na huo nao ukiingia tukautazama tu, utakaa?"

"Si mngesalimia kimoyomoyo?"

"Kimoyomoyo husalimiwa adui," alisema mzee.

Kesho yake tulihama. Tulitafuta sehemu mbali na kijiji, kwenye ukingo, pasipo na nyumba. Mlima ulipovuma nilisikia makofi ya watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, kisha ya kina mama waliotoka kuokota kuni, kisha, kutoka upande wa pili wa genge, makofi ya mtu ambaye hatukumwona kabisa. Bi Rehema alisema "kata" kwa watu asiowaona. Wakaanza upya.

Siku hizi kijana angeniambia: rekodi yote, halafu uyafute makofi kwenye kompyuta. Nami nimeshaona inavyofanyika, na sidharau. Lakini tulikuwa na kaseti na kinasa sauti kimoja, na kilichoingia kwenye kaseti kilikuwa kimeingia. Na hata leo, nakushauri uichukue sauti kana kwamba hakuna kompyuta duniani.

Ndipo Bi Rehema akakumbuka kijiji cha Chala. Walipopita pale safari ya kwanza alisikia mashine ya kusaga ya dizeli, na kwa mbali ilikuwa na mvumo uleule. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akitazama nje ya dirisha.

"Za mjini pia zinavuma," alisema Ambokile.

"Za mjini watu watazitambua."

Hatukubishana. Tulikwenda mpaka Chala, nikasimama na mwanzi wangu nyuma ya kinu, mbali ya kutosha, huku kina mama wenye ndoo za mahindi wakinitazama kama mtu anayevua samaki juu ya bati. Ni kweli, ilifanana. Ukifumba macho, ilifanana sana, na hilo ndilo lililonisumbua. Mwenye mashine alitoka ndani, mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, akauliza tunafanya nini. Bi Rehema hakumdanganya. Alimwambia kwamba yupo mlima usiorekodika, na kwamba anataka kuuazima mvumo wa mashine.

Msagaji alifikiri. Hakukasirika hata kidogo. "Mimi sina neno, mama," alisema. "Lakini mashine hii ina tatizo la beringi, inajikwaa kila baada ya muda kidogo. Sikiliza. Umesikia? Kuanzia hapa mpaka Namanyere mtu akisikia kujikwaa huko anajua ni mimi. Ukiwaambia huo ni mlima, watapeleka mahindi huko."

Bi Rehema alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alikuwa na macho mekundu. Akaniambia nikunje nyaya, turudi mlimani. Ilibaki jioni moja tu. Kesho yake tulipaswa kuianza safari ya Dar. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza, isipokuwa Ambokile, aliyesema kwamba sambusa za nyama ni bora kuliko za dengu, akaambiwa anyamaze.

Ufumbuzi, au tuliodhani ni ufumbuzi, aliuona yeye Ambokile. Tulipokaribia kijiji mlima ulikuwa umeanza kuguna kidogo, kuguna kwa mchana, kusikodumu. Mbele yetu njiani mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani, ameishika kwa mikono miwili, alichuchumaa taratibu, akatulia, akainuka. Hakupiga kofi hata moja.

"Mfipa," Ambokile aliniuliza, "kwa nini yule hakupiga?"

"Ana mzigo," nilimjibu. "Mwenye mzigo anasamehewa mikono. Anachuchumaa tu."

Gari lilisimama ghafla. Bi Rehema aligeuka akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Ni kweli nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utotoni. Halikunijia tu, kama vile mtu hakumbuki kwamba anajua kutembea. Kwa Mzee Sichalwe, Bi Rehema aliuliza kwa unyenyekevu kamili: je, kama jioni hii kila mtu angekuwa na mzigo?

Mzee alimtazama, akautazama mlima. Kisha akatoa hukumu. "Inakubalika. Ila mzigo uwe mzigo kweli. Mtu asishike kijiti akasema amebeba. Mlima si mtoto."

Vijana wangu, nimefanya kazi sehemu nyingi, lakini sijaona tena mandhari kama ile. Jua lilipoinama kijiji kizima kilisimama ukingoni, kila mtu na mzigo. Wapo waliobeba maboga, mawili kila mmoja. Wapo waliobeba madebe ya mahindi na mitungi ya pombe, na mwenye pombe alitakiwa kuahidi kwamba haitapungua. Bwana mmoja alibeba baiskeli begani. Ndugu wawili walibeba mlango, kila mmoja upande wake, na kwa kuwa walikuwa hawaelewani mwaka huo, walibishana nani ameshika upande mzito. Bibi mmoja alikumbatia kuku watatu. Msukuma mmoja, mfugaji aliyepanda kutoka bondeni kuuza maksai, alifika akauliza kuna nini, akaelezwa.

"Mimi si wa huku," alisema, "lakini mlima ni wa anayeusikia. Nipeni cha kubeba."

Wakampa mtoto wa mtu, mnene, aliyekuwa amelala.

"Nyie Wafipa," alisema Msukuma akimpima mkononi, "huyu mnamlisha nini?"

"Tunamlisha maziwa ya ng'ombe wenu waliotoroka," mtu akajibu kutoka nyuma, na Mzee Sichalwe akataka adabu.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la kiufundi, vinginevyo hamtaelewa kilichofuata. Kamera yetu ilikuwa ya video, lakini sehemu yake ya kupokea sauti ilikuwa imekufa tangu Mtowisa, kwa vumbi. Kwa hiyo picha ilinaswa na kamera, na sauti ikanaswa na kinasa sauti changu. Ili baadaye viende pamoja, mtu husimama mbele ya kamera na kupiga kofi moja lililo wazi. Mhariri anaona viganja vinakutana, anasikia mlio, anaviunganisha. Kila jioni Bi Rehema alikuwa amepiga kofi hilo, na kila jioni lilipotelea kwenye makofi ya kijiji. Jioni hii palikuwa kimya.

Upepo ukapanda. Niliusikia ukigusa nyasi za bondeni kwanza, kisha vichaka, kisha ukaingia kwenye mpasuko. Mlima ukaanza, chini kabisa, kama mtu anayetaka kusema na bado anakohoa. Watu wote wakachuchumaa na mizigo yao. Hakuna aliyepiga kofi. Nilimwonyesha Bi Rehema kidole gumba. Akasogea mbele ya kamera, akanyoosha mikono juu ya kichwa, akapiga kofi.

"Sikuoni," alinong'ona Ambokile. "Kamera nimeielekeza genge. Inama."

Akainama, akapiga.

"Bado. Chuchumaa kabisa."

Akachuchumaa kabisa, akiwaelekea wanakijiji, akapiga tena, na safari hii, kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka, viganja vilikunjika kidogo na kofi likatoka zito, zuri, la heshima.

Kwa muda mfupi sana hapakuwa na kitu ila upepo. Bi Rehema, mgeni aliyepokelewa siku zote hizo bila kurudisha salamu hata mara moja, alikuwa amechuchumaa mbele ya kijiji kizima na kukisalimia kama ipasavyo. Mzigo ulikuwa umekubaliwa kwa ajili ya mlima. Kwamba mzigo ungemsamehe mtu kumjibu mgeni pia, hakuna aliyekuwa amesema. Salamu ya mtu mzima haiachwi hewani.

Maboga ndiyo yaliyotangulia. Yaliwekwa chini kwa haraka, juu ya ardhi yenye mteremko, nayo yakaanza safari ya kwenda Mtowisa, kule chini bondeni. Mlango ulishuka upande mmoja kabla ya mwingine, na ndugu wale wakaendeleza mazungumzo yao. Baiskeli ilianguka na kengele yake ikalia. Kuku watatu walipata uhuru kwa pamoja, mmoja akapita juu ya kamera. Msukuma hakuwa na mahali pa kumweka mtoto, akamkabidhi Ambokile, naye akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Na kijiji kizima, mikono mitupu, kikamjibu Bi Rehema.

Nami nifanyeje? Mikono yangu ilikuwa kwenye mwanzi, na kamba ya kinasa sauti shingoni. Mimi nilikuwa mwenye mzigo halali peke yangu mahali pale. Nilichuchumaa tu. Sikuzima. Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko soksi: mambo yakiharibika, usizime. Anayezima kwa aibu hajui kinachokuja. Ngoja mtayarishaji aseme "kata".

Bi Rehema hakusema. Nilimtazama. Alikuwa amechuchumaa vilevile, mikono imesimama hewani, akiliangalia boga lake la mwisho, yaani kipindi chake, likiviringika bondeni. Ambokile hakusema kwa sababu alikuwa na mtoto wa watu kifuani na alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtiririka, akijitahidi asimwamshe. Basi makofi yakaendelea bila kukatizwa na mtu. Yakawa mengi, yakapungua, yakawa machache, yakabaki ya Mzee Sichalwe peke yake, matatu ya polepole. Yakakoma.

Hakuna aliyeinuka. Walibaki wamechuchumaa, vichwa vimeinama, wala hakuna aliyekohoa. Kuku nao walikuwa wamekwenda zao.

Ndipo mlima ukavuma.

Nimerekodi vitu vingi tangu siku ile na sijapata neno la sauti ile. Haikuwa kama mashine. Mashine inarudia, hii haikurudia. Ilipanda taratibu mpaka niliisikia kwenye mwanzi kabla ya kuisikia kwenye hedifoni, ikagawanyika sauti mbili, ya chini na ya juu yake, zikatembea pamoja, kisha ya juu ikatangulia kuondoka. Nilitazama mshale wa kinasa sauti. Ulikuwa unatembea palepale unapotakiwa kutembea. Magoti yaliniuma, nami nikayaacha yaume. Hakuna mtu aliyetoa sauti mpaka mlima ulipomaliza, na Mzee Sichalwe akasema neno moja la kushukuru, na watu wakainuka wakaanza kuulizana maboga yamefika wapi.

Bi Rehema alimfuata mzee. Sauti ya kutuma watu ilikuwa imempotea.

"Mzee, kumbe mnanyamaza?"

"Tunanyamaza. Unausalimia, kisha nao unajibu. Ukijibiwa utaendelea kupiga makofi? Utasikia nini?"

"Mbona hamkutuambia?"

Mzee Sichalwe alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, tungekuambia saa ngapi? Kila tukikaribia kumaliza, unapiga kelele. Salamu ikikatizwa huanzwa upya. Tukaanza upya, ukapiga kelele. Watu wakaniuliza, huyu mama vipi? Nikawaambia mwacheni, labda kwao ndivyo wanavyosalimia."

Mimi nami sikujua. Ni Mfipa, lakini Mfipa wa mjini. Malangali hatuna mlima wa kusalimia, na nilidhani makofi yale huenda mpaka mwisho wa mvumo. Hakuna kati yetu aliyewahi kungoja. Tulikuwa tumetafuta kimya kwa kukikatiza.

Kipindi kilirushwa kikiwa na kila kitu. Mwenye kituo alitaka waanzie pale mlima unapobaki peke yake, waondoe kuku na baiskeli. Bi Rehema alikataa, akasema ukiondoa salamu, jibu linajibu nini? Nilikuwapo chumbani walipobishana, kwa sababu alikuwa ameniambia niende naye Dar nikailinde kaseti isiguswe. Mdhamini alipoonyeshwa, aliomba arudishiwe sehemu ya kuku mara tatu, kisha akaulizia ajabu inayofuata ni ipi.

Ilikuwa chemchemi ya maji moto, mbali, upande wa Mbeya. Tulifika na vumbi letu, na kabla Ambokile hajazima gari Bi Rehema alikuwa ameshashuka. Alimfuata mzee aliyekuwa amekaa mbele ya nyumba ya kwanza, akampa shikamoo, na hakuuliza neno lolote kuhusu maji.

"Mzee wangu," alisema, "hapa kwenu watu husalimiana vipi, na huchukua muda gani?"

Mzee alimtazama, akaitazama kamera, akanitazama mimi na soksi yangu juu ya mwanzi. Akasogeza kigoda.

"Kaa," alisema. "Unataka ya asubuhi au ya jioni?"